Mshale wa Tairi la Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anataka niandike kila siku, tena kwa mkono huu huu mbovu. Nimeandika. Kesho tena.

Jumanne, 5 Machi

Mawingu. Mvua bado.

Alhamisi, 7 Machi

Leo vidole vimeamka na adabu, kwa hiyo nijieleze, asije mtu akaliokota daftari hili akadhani ni la mtoto wa chekechea. Mimi ni fundi wa matairi. Nilikuwa. Miaka thelathini na moja nimebandua na kufunga matairi ya pikipiki, mpaka mwaka juzi kiharusi kiliponikuta nimeinama juu ya rimu, kikaniacha na mkono wa kulia uliokunjika kifuani. Zamani nilikuwa nawacheka mabahili kwamba wana mkono wa birika. Sasa wangu ndio birika lenyewe.

Pikipiki yangu sikutaka kuiuza. Mdogo wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea, akaikata nyuma, akaiwekea magurudumu mawili ya gari dogo na bodi ya kubebea mizigo, ili niweze kuiendesha bila kuanguka. Haikuanguka kweli, ila mkono haukuweza kubana breki. Sasa anaiendesha mke wangu. Yeye ni dobi: anafua mashuka ya hospitali, anayapiga pasi, anayapeleka. Mimi nakaa barazani namsikiliza akibadilisha gia vibaya.

Naiita Meza. Pikipiki ya kweli hulala kwenye kona. Hii inasimama wima tu, ukate kona unavyotaka.

Jumapili, 10 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa fujo. Kamba tatu zimefungwa sebuleni, mashuka yananing'inia mpaka kwenye kiti changu. Kila shuka lina muhuri wa hospitali pembeni. Nakula chakula changu katikati ya wodi ya wazazi.

Jumanne, 12 Machi

Mke wangu amerudi na matope hadi magotini. Hakuvua hata viatu.

"Baba watoto, hili tairi la mbele litaniua. Ile kona ya ukuta wa hospitali, nageuza usukani, lenyewe linakwenda moja kwa moja."

"Unaingia kona na mwendo."

"Naingia kwa mwendo wa kutembea!"

"Basi umezidisha mzigo nyuma."

"Mzigo wenyewe mashuka, si mawe."

Nilimwambia tairi limekwisha na nitamchagulia jingine. Ni kweli limekwisha, ila limekwisha mabegani, kushoto na kulia. Katikati bado lina mistari yake. Sijapata kuona tairi la mbele la pikipiki likilika hivyo. Ni uendeshaji wake tu.

Alhamisi, 14 Machi

Tumekwenda duka la vipuri. Nilipandishwa nyuma ya Meza, nikakaa juu ya matandiko kama mgonjwa anayerudishwa kwao. Lakini nilipoingia dukani muuzaji alisimama. Bado wapo wanaonijua.

Alinitolea matairi matatu. La kwanza lina meno makubwa ya kung'ata udongo; linafaa shamba, kwenye lami lina kelele. La pili lina mviringo mzuri, mpira laini, mistari inayofukuza maji: tairi nililokuwa nawafungia waendeshaji niliowapenda. La tatu ni pana, bapa, gumu mbavuni.

"Wenye magurudumu matatu wengi siku hizi wanachukua hili," akasema muuzaji.

"Hilo si la nyuma?"

"La nyuma ndiyo, fundi. Wanalifunga mbele."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mke wangu hakucheka. Alilibonyeza lile pana kwa kidole gumba, akalisimamisha, akaliangalia lilivyokalia sakafu.

"Na hili je, baba watoto? Si sisi hatulali kwenye kona?"

"Mama, mambo ya matairi waachie watu wa matairi."

Muuzaji akaanza kutazama simu yake. Tulichukua la pili. Fundi wa dukani alilifunga, mimi nikisimamia. Mshale ulioandikwa ubavuni ulitazama mbele, gurudumu linakozungukia, kama inavyotakiwa.

Ijumaa, 15 Machi

Amesema lina afadhali. Nilisema.

Jumatatu, 18 Machi

Nimenyanyua sufuria jikoni kwa mkono wa kulia ili kuupa mazoezi. Nilisikia harufu kabla ya maumivu. Maumivu kwa kweli sikuyasikia. Mke wangu ndiye aliyepiga kelele, akanivutia kwenye ndoo ya maji ya bluu ya mashuka. Vidole viwili vimetoka malengelenge na mimi mwenyewe naviangalia kama vya jirani.

Ijumaa, 22 Machi

Ameserereka tena. Ameugusa ukuta wa hospitali, taa ya mbele imepasuka. Msimamizi wa wodi amemrudishia mashuka manane kwa sababu yana unyevu, na akamwambia mbele ya wauguzi kwamba mama aliyejifungua halazwi kwenye shuka la maji. Mke wangu amerudi amevimba kwa hasira.

"Tairi lako jipya ni lile lile la zamani, limeongezewa tu vinywele vya kiwandani," akasema.

Nikamwambia tairi zuri halimfundishi mtu kuendesha. Alipiga pasi mpaka mkaa ukaisha, mashuka yakitoa mvuke na mimi nikiwa katikati ya mvuke huo. Sikuomba msamaha. Kwani nilikosea nini?

Jumatano, 27 Machi

Alipokuwa anafua uani nilitoka kuliangalia tairi. Lina wiki mbili. Katikati vile vinywele vya mpira wa kiwandani vipo vyote, havijagusa barabara. Mabega yamesuguliwa mpaka yanang'aa.

Nilirudi barazani nikakaa.

Jumanne, 2 Aprili

Amekwenda kwa Mwanafunzi. Hakuniaga, wala hakuniuliza. Nimeliona tu tairi aliporudi.

Mwanafunzi ana ndevu, ana watoto wawili na karakana yenye mashine ya upepo, lakini mimi sitamwita jina jingine. Alikuja kwangu hajui kutofautisha valvu na nati. Nilimfundisha kila kitu. Nilimfundisha kwamba kabla ya kujaza upepo unasukuma ubavu wa tairi kando, unapitisha kidole kuizunguka rimu yote, taratibu, kuhakikisha hujabana tyubu na chuma cha kubandulia. Wiki nilipougua alinibeba yeye mpaka hospitali, sikatai. Mwezi uliofuata akafungua karakana yake, na wateja wangu wote wakahamia huko. Hilo nalo sikatai.

Sasa amemfungia mke wangu lile pana. La nyuma, mbele. Limepita kwenye shokapu kwa nafasi ya kidole. Hilo ningelimeza. Lakini mshale wake unatazama nyuma. Amelifunga kinyume!

"Huyu kijana amekuwa mlevi?" nikauliza.

"Amesema ni makusudi. La nyuma kazi yake kusukuma, la mbele kazi yake kubwa kuzuia, kwa hiyo nguvu zinakuja kwa upande mwingine, ndiyo maana ukilihamisha unaligeuza. Amesema nikwambie, wewe utaelewa haraka kuliko mimi. Amekusalimu sana, eti mwalimu hajambo?"

"Mshale haukuchorwa kiwandani kwa mapambo."

"Baba watoto, leo nimekata ile kona. Nimegeuza usukani, nalo likageuka. Basi. Mimi sitaki kitu kingine duniani."

Ijumaa, 5 Aprili

Anaimba huku anasuuza. Miezi sijamsikia. Nimechukia kwamba nimechukia.

Jumanne, 9 Aprili

Siku ya tatu mvua haijakatika. Mkaa wote unaishia kukaushia mashuka. Mke wangu anatoka na turubai, anarudi salama, anatoka tena. Hatelezi.

Jioni mwendesha pikipiki mmoja aliingia barazani kukwepa mvua. Ananifahamu tangu enzi zangu. Akainamia Meza, akachutama, akanitazama kwa huruma.

"Fundi, tairi limefungwa kinyume hili. Ni wewe?"

Nikasema si mimi. Akatikisa kichwa kama mtu anayemkubalia mgonjwa, kisha akasema, "Ugua pole, fundi wangu." Mvua haikuisha lakini aliondoka.

Miaka thelathini na moja, na watu watapita mbele ya nyumba yangu waone kazi hiyo wadhani ni yangu.

Jumapili, 14 Aprili

Leo nimefanya kazi. Nimefanya KAZI. Mkono umechoka lakini nitaandika hata kurasa tatu.

Mke wangu alikwenda kumwangalia dada yake anayeumwa, akaondoka asubuhi kwa miguu. Mvua ikakatika saa tatu. Nilivuta sanduku la spana kutoka chini ya kitanda kwa mguu. Jeki chini ya injini, nati ya ekseli ikanisumbua, nikaiwekea bomba kwenye spana ili kupata nguvu, ikasalimu amri. Gurudumu likatoka. Nililikalia. Nilitumia goti, kisigino, mkono wa kushoto, na huyu birika nikamkabidhi chuma kimoja akishikilie tu asilegeze. Jasho lilinitoka kama niko uwanjani. Tairi likabanduka. Nikaligeuza, mshale ukatazama mbele, nikalirudisha rimuni, ubavu wa kwanza, ubavu wa pili, ile sehemu ya mwisho ngumu nikaivusha na chuma. Likalia lile tap! ninalolijua. Nusura nilie.

Kisha nikapitisha kidole kuizunguka rimu, kama ninavyofundisha. Mkono wa kushoto ulikuwa unashikilia ubavu, kwa hiyo nilipitisha wa kulia. Nilizunguka mara mbili. Pako sawa pote. Nikajaza upepo kwa pampu ya mguu, nikarudisha gurudumu, nikakaza, nikafuta mikono, nikarudisha sanduku chini ya kitanda.

Saa saba mchana nilikuwa nimekaa barazani mtu mzima. Mke wangu aliporudi aliniuliza mbona nina uso wa sikukuu. Nikasema ni jua.

Hakuona mshale. Kwake yeye ni tairi lile lile.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua kutwa. Hakutoka.

Jumanne, 16 Aprili

"Tairi la mbele limepungua upepo," alisema asubuhi.

Nikamwambia ni valvu, na kwamba baridi inapunguza upepo. Nilijaza mwenyewe kwa mguu. Alinishukuru.

Ijumaa, 19 Aprili

Jumatano sikuandika. Jana sikuandika. Naandika sasa kwa sababu mke wangu ameruhusiwa kurudi nyumbani, amelala, na hakuna mwingine wa kumwambia.

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi simu iliita. Sauti ya mwanamume, mtumishi wa hospitali: "Wewe ndiye mume wa mama dobi? Njoo, amepata ajali, yuko hai." Alianza na ajali akamalizia na uhai. Kati ya maneno hayo mawili niliishi muda mrefu.

Nilikwenda kwa miguu na fimbo. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Pale kwenye kona ya ukuta watu walikuwa wameshaitoa Meza mtaroni, imeegeshwa pembeni, usukani umepinda. Mashuka yalikuwa yametapakaa mtaroni na barabarani, mashuka sitini aliyoyakausha kwa pasi moja moja, na magari yalikuwa yakipita juu yake. Mwanamke mmoja nisiyemjua alikuwa akiyaokota na kuyakunja, na matope yake vile vile, kana kwamba yatatumika.

Mke wangu alikuwa ameshaingizwa ndani. Nilipaswa kuingia ndani. Niandike ukweli, maana hapa ndipo peke yake ninapouandika: sikuingia kwanza. Nilichutama mbele ya gurudumu.

Tairi lilikuwa limetoka rimuni upande mmoja. Nikaivuta tyubu kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa imechanika urefu wa shibiri, na mwanzo wa mchaniko, pale karibu na rimu, kulikuwa na matundu mawili yamekaa jirani. Msumari hauachi alama hiyo, wala valvu mbovu, wala baridi. Hiyo ni alama ya chuma cha kubandulia kilichoibana tyubu kwenye rimu. Nimewaonyesha vijana wangapi alama hiyo? Nimewatukana wangapi?

Vidole vya kulia vilipita juu ya mkunjo huo mara mbili vikaniambia pako sawa. Vidole vilivyoungua sufuriani visijue.

Nikaichomoa tyubu yote, nikaikunja, nikaiweka ndani ya koti. Ndipo nikaingia hospitali.

Mfupa wa mtulinga umevunjika, upande wa kushoto. Kidevu kimeshonwa. Walikuwa wamemlaza kwenye wodi ile ile anayoifulia, juu ya shuka alilolifua yeye. Alinitazama akasema, "Mashuka?" Nikasema yanaokotwa. Akasema, "Tairi lilisinyaa ghafla. Nililigeuza, halikuwepo." Akafumba macho. Tyubu ilikuwa imenibana ubavuni wakati wote huo.

Jumamosi, 20 Aprili

Ametoka kitandani na mkono umefungwa kifuani. Sasa tuko wawili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Mtu akituona atadhani tumeshonewa sare.

Nilimwona anajifunga kanga kwa mkono mmoja na meno. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Kwa huyo kijana wako," akasema. Nilisema apumzike. Nilisema mvua inakuja. Yote niliyasema isipokuwa lile moja.

Alirudi baada ya saa nzima.

"Nimemwambia mbele ya wateja wake wote. Nimemwambia wewe ni muuaji, umenifungia tairi kinyume ukijua mimi ni mwanamke sijui kitu. Wateja wawili waliondoka na pikipiki zao."

"Alisema nini?"

"Alisema, pole mama. Alisema atakuja kuangalia."

Jumapili, 21 Aprili

Alikuja. Mke wangu aligoma kutoka chumbani. Mwanafunzi akanisalimu, "Shikamoo mwalimu," akaenda moja kwa moja kwenye Meza iliyolala uani chini ya turubai. Nilimfuata na fimbo yangu.

Alichutama. Kidole chake kilikwenda kwenye mshale. Ulikuwa unatazama mbele. Kidole kilikaa pale. Halafu akaangalia nati ya ekseli, ambayo ina mikwaruzo ya spana iliyoteleza mara nyingi, spana ya mtu asiye na nguvu upande mmoja. Sikuwa na la kuficha isipokuwa lile lililokuwa kotini.

"Tyubu iko wapi, mwalimu?"

"Ilitupwa. Watu waliitupa kule kule."

Alininyanyulia macho. Nilisubiri aseme, maana angesema lingekwisha. Alisimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Haya, mwalimu," akasema.

Akaenda kwenye dirisha la chumba, akasimama nje, akasema kwa sauti ya kusikika ndani: "Mama, nimeliona. Nisamehe sana. Nitakufungia jingine, na nitakunyooshea usukani."

Akaondoka. Nilitaka kumwita nikakosa jina la kumwitia.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Hospitali imempa dobi mwingine nusu ya wodi.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nilikuwa nakunja mashuka machache yaliyopona, yeye akishika pembe mbili kwa mkono mmoja na kidevu chenye nyuzi. Hapo hapo akasema, taratibu:

"Baba watoto, ulikuwa sahihi. Ulisema mshale si wa mapambo, nikakuona mzee mwenye wivu. Ningekusikiliza wewe, leo ningekuwa mzima."

Wiki sita nimelingoja neno hilo. Nililiota. Nilikuwa nimeshapanga hata uso nitakaouweka nikilisikia. Nikasema, "Kunja vizuri hiyo pembe." Shuka lilipokwisha kukunjwa nilikwenda nikalipapasa koti langu; tyubu bado ilikuwemo.

Jumatatu, 29 Aprili

Ameniambia asubuhi: mfupa ukipona anarudi barabarani, hawezi kuziacha wodi zilizobaki. "Ila sasa tairi chagua wewe. Sitaki ya mtu mwingine. Nitapanda juu ya lolote utakalosema, hata macho sitafungua."

Akanitazama. Alikuwa anamaanisha. Angepanda kweli, angeingia kona ile kweli, kwa neno langu.

Nilikwenda kwenye koti nikaleta tyubu nikaiweka mezani mbele ya chai yake.

Hakuelewa. Aliigeuza, akaona matundu mawili, akapima kwa kidole chake. Nikamweleza: chuma, mkunjo, vidole. Sikutia chumvi wala sikupunguza. Aliuliza maswali machache, kwa sauti ya mtu anayehesabu nguo za mteja.

"Siku gani?"

"Jumapili ile ulipokwenda kwa dada yako."

"Nikakuuliza mbona una uso wa sikukuu."

"Ndiyo."

"Na Jumanne nilipokwambia limepungua?"

"Nilijaza upepo."

"Ukijua?"

"Nilitaka iwe valvu."

"Sikukuuliza ulitaka nini."

Hapo akainuka, kikombe kikaanguka, hakukiokota.

"Kidevu changu nakusamehe. Hata mfupa nakusamehe, mfupa unaunga. Lakini ulikaa hapo barazani ukaniacha niende kumvua nguo kijana wa watu mbele za watu. Nikarudi, ukaniuliza alisema nini!" Alikuwa analia na hakuwa na mkono wa kujifutia, maana ule mzima ulikuwa bado umeshika tyubu. "Vaa viatu."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Karakana ilikuwa na watu watano. Alisimama mlangoni mpaka mashine ya upepo ikazimwa, akasema, "Mume wangu ana neno," akanipisha.

Nikasema. Niliinua tyubu waione, nikaonyesha matundu kama nilivyokuwa nawaonyesha vijana, nikasema haya nimeyatoboa mimi, tairi nililigeuza mimi, na huyu fundi alilifunga sawasawa. Mwendesha pikipiki yule aliyenipa pole barazani alikuwepo. Aliinamisha kichwa, akaanza kufuta kioo cha pikipiki yake ambacho hakikuwa kichafu.

Fundi aliipokea tyubu, akaiweka kwenye pipa la takataka. "Yamekwisha, mzee wangu," akasema. "Karibu ukae."

Mzee wangu. Miaka kumi na minne alikuwa ananiita mwalimu, hata Jumapili ile. Nilikaa kwenye benchi la wateja.

Mke wangu hakukaa. Alimwomba radhi kwa sauti ile ile aliyomtukania, wote wakasikia. Kisha akasema, "Sasa nionyeshe matairi, unieleze kila kitu, polepole." Fundi akamtolea mawili, yote mapana. Akamweleza kwamba pikipiki ya miguu miwili hulala kwenye kona, ndiyo maana tairi lake la mbele lina mviringo, liendelee kugusa barabara likiwa limelala. Ya kwake inasimama, basi inasukumwa kwa ubavu, mviringo hausaidii kitu, inataka tairi lenye uso bapa na mabega magumu. Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Hayo alikwisha kuyasema mwenyewe dukani, tarehe kumi na nne Machi, yameandikwa humu. Aliyabonyeza yote mawili kwa gumba, akayasimamisha, akaliegemea moja kwa uzito wake wote mpaka fundi akamwambia, "Taratibu, mama, bega hilo." Akachagua. Hakugeuka kunitazama hata mara moja.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua imekwisha tangu wiki iliyopita. Mashuka yako nje, yanakauka kabla sijamaliza kuandika ukurasa. Sebule imerudi kuwa sebule, ni kubwa kuliko nilivyoikumbuka.

Leo ameanza kazi. Fundi aliileta Meza mwenyewe asubuhi, usukani umenyooka, taa mpya, tairi pana, mshale unatazama nyuma. Mke wangu alilizunguka gurudumu, akaingiza kidole gumba, akabonyeza. Ameshajifunza. Alipakia mashuka thelathini, akayafunga.

Kisha akaingia ndani, nikasikia sanduku la spana likivutwa kutoka chini ya kitanda, na sauti ya kufuli. Alitoka na funguo mbili. Wa nyumba alinikabidhi mkononi, mkono wa kushoto, akanikunja vidole juu yake kwa upole. Wa sanduku ulikuwa kwenye uzi, na uzi aliuvaa shingoni, ukateremka mpaka pale mfupa ulipoungia vibaya.

"Mashuka yakikauka uyaanue," akasema. "Nitachelewa kidogo."

Nilimsikiliza mpaka kwenye kona ya mtaa wetu. Anabadilisha gia vizuri siku hizi. Mashuka nimeyaanua yote.